Jani la Kahawa na Rangi ya Maji

Watu wengi hudhani kuwa kuchora picha ni mchezo wa watoto wa shule, au ni anasa ya watu wasio na kazi ya jembe wala ya kalamu. Dhana hiyo si ya kweli. Picha iliyochorwa vema yaweza kuokoa mazao ya mkulima, na picha iliyochorwa vibaya yaweza kumpoteza, maana mtu huamini lile alionalo kwa macho yake kuliko maneno mia ya kusomewa. Habari za karani mmoja wa ofisi ya kilimo, katika nchi ya milima ipandayo kahawa, zaonyesha jambo hilo wazi.

Karani huyu hakuwa mchoraji. Kazi yake ilikuwa kupokea barua, kuziandikia majibu, na kutunza majalada. Lakini zamani, alipokuwa katika shule ya sekondari ya misheni, mkono wake ulisifiwa kwa kuchora ramani, maua na viungo vya wadudu, na ramani mojawapo aliyoichora kwa wino ilikuwa imetundikwa ukutani mwa ofisi. Bwana Shamba alikuwa akiitazama kila siku. Kwa sababu ya ramani hiyo tu, siku moja alimwita karani na kumpa kazi ambayo haikuwa katika orodha ya kazi zake.

Sababu ya kazi hiyo ilikuwa mzee mmoja. Misimu miwili kabla ya hapo, ofisi ilikuwa imebandika tangazo katika kiwanda cha kahawa cha chama cha ushirika. Tangazo lile lilikuwa la maneno matupu. Lilieleza habari za kutu ya majani, ule ugonjwa uletwao na kuvu, na kuwaonya wakulima wauangalie mapema. Mzee huyo alikuwa na miti 200 ya kahawa, tena ya mbegu za kale ambazo haziwezi kuushinda ugonjwa huo. Hakujua kusoma, akasomewa na mjukuu wake. Mtoto alisoma vema: madoa ya manjano juu ya jani. Mzee akaenda shambani, akayaona manjano, akafikiri moyoni mwake kuwa ni njaa ya udongo, kwa kuwa jani la kahawa likikosa chakula hugeuka manjano vilevile. Akanunua mbolea kwa mkopo. Mvua zilipokwisha, majani yalikuwa yamepukutika na matawi yamebaki uchi kama fito. Msimu uliofuata mavuno hayakufika nusu ya yale aliyoyazoea, na deni la mbolea lilikuwa palepale.

Mzee alipofika ofisini hakuja kugomba. Alivua kofia yake, akaketi, akauliza neno moja tu: "Ninyi mliosoma, mbona hamkunionyesha?"

Neno hilo lilimchoma Bwana Shamba. Aliamua kuwa tangazo la pili lazima liwe na picha ya rangi. Picha ya kamera ilijaribiwa kwanza, lakini haikufaa. Kamera huonyesha kila kitu kwa usawa: tundu la mdudu, tope la mvua, kivuli cha tawi, na doa la ugonjwa, vyote pamoja, wala haimwambii mtazamaji kipi ni kipi. Mchoraji aweza kukusanya dalili za majani kumi katika jani moja na kuyaacha yasiyohusika. Ndiyo maana hata leo wataalamu wa mimea wangali wakitumia picha za mkono. Huko Uingereza liko jarida la mimea, Curtis's Botanical Magazine, lililoanza mwaka 1787, na mpaka sasa picha zake za maua huchorwa kwa brashi na rangi ya maji. Basi karani akapewa siku kumi, kisha karatasi ipelekwe kwa mpiga chapa.

UGONJWA WENYEWE

Yafaa kueleza kwanza kwa nini jani moja lilistahili taabu yote hiyo. Kutu ya majani ni adui wa zamani. Ilionekana na kuandikwa habari zake kando ya Ziwa Viktoria mwaka 1861. Mwaka 1869 ilizuka katika kisiwa cha Ceylon, kiitwacho sasa Sri Lanka, ambacho wakati ule kilikuwa na utajiri mkubwa wa kahawa. Haikupita hata miaka ishirini, mashamba ya kahawa yaliachwa, na chai ikapandwa mahali pake. Katika Kenya wataalamu wamezaa mbegu zenye nguvu dhidi ya ugonjwa huo, nazo ni Ruiru 11 iliyotolewa mwaka 1985 na Batian iliyotolewa mwaka 2010. Lakini miti ya kale ingalipo kwa wingi, na wenye nayo huipenda, kwa kuwa mingine ilipandwa na baba zao. Kwa miti hiyo kinga ni dawa ya shaba, inyunyizwayo mapema, kabla ugonjwa haujatapakaa. Akichelewa mtu, hakuna dawa ya kulirudisha jani lililokwisha kuanguka.

Dalili zake ni mbili. Upande wa juu wa jani hutokea madoa ya manjano hafifu, yasiyo na mpaka. Upande wa chini, mahali palepale penye doa, hutokea unga wa rangi ya chungwa, mfano wa vumbi la chuma kilicholiwa na kutu. Unga huo ndio mbegu za kuvu. Jani lenye njaa halina unga. Tofauti kati ya mkulima anayenunua dawa na mkulima anayenunua mbolea bure imo katika unga huo.

Karani alipewa pia kuchora tunda la kahawa lenye ugonjwa wa buni changa, ambao wakulima huuita kwa herufi tatu tu, CBD. Huo ulionekana kwa mara ya kwanza katika Kenya mwaka 1922. Hula tunda lingali bichi, ukianza na doa jeusi lililobonyea.

RANGI YATOKA WAPI

Karani alinunua kisanduku cha rangi za watoto katika duka la vitabu, kwa fedha zake mwenyewe, na siku ya kwanza alikuwa na furaha nyingi. Alichukua karatasi ya kupigia taipu, akaichovya brashi majini, akaanza. Kabla hajamaliza nusu ya jani, karatasi ilikunjamana kama ngozi iliyoanikwa juani bila kuwambwa. Maji yakakimbilia mabondeni, rangi ikayafuata, na kijani kikawa na mistari kama shamba lililomomonyolewa na mvua.

Hapo alifahamu kuwa hajui chombo anachokitumia. Aliazima kitabu kwa mwalimu mmoja, akajifunza habari ambazo zingemfurahisha mkulima yeyote, maana karibu kila kitu katika rangi ya maji chatoka shambani na malishoni. Rangi yenyewe ni unga laini, mwingine wa udongo mwekundu na wa manjano, mwingine wa kutengenezwa viwandani. Unga huo hushikwa pamoja kwa gundi ya mti wa jamii ya mgunga, uotao katika nchi kavu tangu Sudan hata Turkana na Marsabit, ambako wafugaji huikusanya ikitoka katika gome kama machozi. Ili kidonge cha rangi kisikauke mno na kupasuka, tangu zamani huongezwa asali au kitu kingine cha namna hiyo. Ili maji yakubali kutandaa sawasawa, wachoraji hutia matone ya nyongo ya ng'ombe. Na karatasi njema hutengenezwa kwa pamba, kisha hupakwa gundi itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama, ili isinywe maji upesi kama mchanga.

Basi alitafuta karatasi ya pamba, nzito, ambayo gramu zake ni 300 kwa kila mita moja ya mraba. Bei yake ilimshtua. Alipata shuka mbili tu, akakata mojawapo vipande 16 vya kufanyia majaribio, na ile nyingine akaifunga katika gazeti, akaiweka juu ya kabati mbali na watoto.

JARIBIO LA KWANZA

Iko njia moja ambayo kila ajifunzaye rangi ya maji huipenda upesi. Ni kuilowesha karatasi kwanza, kisha kuigusa kwa brashi yenye rangi. Rangi hutambaa yenyewe, ikafifia pembeni bila mpaka, kama moshi. Karani alifurahi sana. Alipaka kijani, na kabla hakijakauka akatia matone ya rangi ya chungwa. Yakaenea vizuri, laini na ya kupendeza. Jioni alipokuwa akirudi nyumbani kwa baiskeli alipita kwa yule mzee, akampa kipande kile bila kumwambia kitu.

Mzee alikipeleka kwenye mwanga, akakitazama. Kisha akakigeuza, akatazama nyuma ya karatasi. Nyuma hapakuwa na kitu. Akakigeuza tena.

"Mwanangu," akasema, "jani hili limeunguzwa na jua. Mimi ningeliacha tu, lianguke lenyewe."

"Ni ile kutu, Mzee," akajibu karani.

"Kutu hukaa chini ya jani. Nami nimetazama chini, sikuiona."

Karani alicheka kidogo kwa haya, lakini njiani hakucheka. Mzee alikuwa ameishika karatasi kama anavyoshika jani shambani, na karatasi ilikuwa imemdanganya mara mbili. Kwanza ilionyesha upande mmoja tu wa habari yenye pande mbili. Tena ile njia laini ya maji juu ya maji, iliyompendeza sana mchoraji, ilikuwa imeugeuza unga kuwa doa la moto. Uzuri wa picha na ukweli wa picha havikuwa kitu kimoja.

JARIBIO LA PILI

Safari hii alichuma tawi zima, akaliweka katika chupa ya maji mezani, akachora jani lililojikunja, ili mtazamaji aone juu na chini kwa pamoja. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini kulikuwa na shida nyingine. Jani la kahawa lenye afya hung'aa kama lililopakwa mafuta, na bila mng'ao huo lilionekana kama jani la mti mwingine wowote. Karani alikuwa amekwisha kupaka kijani jani zima. Akaona njia rahisi: alichukua rangi nyeupe nzito, akapiga mistari miwili juu ya kijani mahali pa mwanga.

Njia hiyo si haramu. Albrecht Dürer, mchoraji Mjerumani, alichora sungura kwa rangi ya maji mwaka 1502, na picha hiyo ingali ikitunzwa Vienna. Kwanza alitandaza rangi nyepesi ya hudhurungi, kisha akachora manyoya unywele mmoja mmoja kwa brashi nyembamba, na manyoya mengine akayapiga kwa rangi nyeupe juu ya ile ya kwanza. Yeyote aitazamaye picha hiyo hudhani sungura yuko hai. Karani alikuwa amesoma habari hizo, naye alijiona yuko pamoja na wakubwa.

Alifanya kazi hiyo usiku, kwa taa ya mafuta, baada ya watoto kulala. Asubuhi mkewe alifungua dirisha, akaitazama meza, akamwita.

"Baba watoto, njoo uone. Rangi hii jana usiku haikuwa hivi."

Ni kweli haikuwa hivyo. Mwanga wa taa ya mafuta ni wa manjano, nao huimeza rangi ya manjano isionekane. Usiku alikuwa ameyaona madoa ya jani kuwa hafifu mno, akayaongeza, na kuyaongeza tena. Asubuhi yalipiga kelele kama maua ya alizeti. Tangu siku hiyo hakuchanganya rangi tena usiku. Aliamka alfajiri, akafanya kazi kwa mwanga wa dirisha kwa muda wa saa moja kabla ya kwenda ofisini, na jioni alichora mistari ya penseli tu.

Hata hivyo alikipeleka kipande kile kwa mzee, ili asikie neno lake juu ya umbo la jani. Mzee alifurahi kuona jani limekunjwa. Akaweka kidole chake mahali pa ile mistari myeupe.

"Na huu ukungu mweupe ni ugonjwa gani? Huu siujui."

Karani alinyamaza. Kwa Dürer nyeupe ilikuwa manyoya. Kwa mkulima, kitu cheupe kilichokaa juu ya jani ni kitu kilichokuja kutoka nje, nacho hakiji kwa heri. Laiti picha ile ingepigwa chapa, watu wangepekua miti yao wakitafuta ugonjwa usiokuwapo, na ofisi ingepokea maswali mwezi mzima.

KILE KISICHOGUSWA

Zilikuwa zimebaki siku nne. Karani aliketi na vipande vyake, akavipanga mezani, akavitazama kama mtu atazamaye hesabu isiyokubali. Akakumbuka jambo moja. Alipokuwa shuleni, walimu waliwapeleka wanafunzi Nairobi kuona Makumbusho, na huko aliziona picha za Joy Adamson. Mama huyo alikuja Kenya mwaka 1937, akachora maua ya nchi kwa rangi ya maji, hata Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kikampa nishani ya dhahabu mwaka 1947. Baadaye, tangu mwaka 1949, serikali ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya asili. Mtoto yule wa shule alikuwa amesimama mbele ya picha hizo akistaajabia mapambo. Sasa, akiwa mtu mzima, swali lilikuwa jingine: mwanga huingiaje katika picha ya maji?

Jibu lilikuwa ndani ya kitabu tangu mwanzo, ila hakuwa amelielewa. Katika rangi ya mafuta mchoraji huanza na giza akaongeza mwanga. Katika rangi ya maji mwanga ni karatasi yenyewe. Rangi ni kama kioo chembamba: mwanga hupenya, hugonga weupe wa karatasi, na kurudi machoni. Kwa hiyo mahali pa kung'aa hapapakwi kitu. Mchoraji lazima aamue mwanzoni kabisa, kabla ya kulowesha brashi, ni mahali gani hatapagusa mpaka mwisho. Akipakosa, maji yakimwagika hayazoleki.

Basi alichora kwa penseli hafifu mpaka wa mng'ao, mistari miwili mirefu kando ya mshipa wa katikati, akaapa kutoigusa. Kisha akafuata utaratibu, kila dalili kwa njia yake.

Kwa kijani, aliacha kijani cha kisanduku, kilicholingana na rangi ya milango ya duka kuliko jani. Alichanganya buluu na manjano, akatia tone la nyekundu ili kukipunguzia ukali. Alikitandaza chepesi, akakiacha kikauke kabisa, ndipo akarudia mara ya pili na ya tatu mahali pa kivuli. Kungoja huko kulikuwa kazi ngumu kuliko kupaka.

Kwa madoa ya upande wa juu, ambayo hayana mpaka, ile njia ya maji juu ya maji ilifaa kweli. Alilowesha mahali padogo tu, akagusa kwa manjano hafifu, ikafifia yenyewe kama inavyofifia katika jani.

Kwa unga wa upande wa chini alifanya kinyume. Aliichovya brashi katika rangi nzito ya chungwa, akaikamua kwa kitambaa hata ikabaki karibu kavu, akaipitisha ikiwa imelala juu ya karatasi. Karatasi ya pamba ina vijilima na vijibonde visivyoonekana upesi. Brashi kavu hugusa vijilima tu na kuviacha vijibonde vyeupe, na alama yake huwa ya chembechembe. Alipoinua brashi, pale palikuwa na unga. Alijaribu katika vipande vitatu zaidi, ili ajue kuwa si bahati.

Kwa tunda la CBD alipaka tabaka juu ya tabaka, nyembamba, kila moja baada ya ile ya kwanza kukauka, akizidisha giza katikati ya doa. Ukingoni alifuta kidogo kwa brashi safi yenye maji na karatasi ya kukaushia wino, na ule ukingo wenye mwanga ulilifanya doa lionekane limebonyea.

Hata makosa yalimpa faida. Katika kipande kimoja tone la maji lilidondoka juu ya rangi iliyokuwa nusu kavu. Maji yaliisukuma rangi pembeni, yakaacha kiini cheupe chenye pete nyeusi kuzunguka. Wachoraji huchukia ajali hiyo. Karani alikaribia kukitupa kipande, ndipo akatambua kuwa amewahi kuiona alama hiyo. Uko ugonjwa mwingine wa majani ya kahawa uletao madoa ya hudhurungi yenye kiini cha kijivu, mfano wa jicho. Aliidondosha ajali hiyo kwa makusudi katika jani dogo pembeni, ili wakulima waone tofauti na wasichanganye jicho na kutu.

KIDOLE CHA MZEE

Siku ya nane aliifungua ile shuka ya pili. Alipaka kwa asubuhi mbili, mkono ukitetemeka mwanzoni, kisha ukatulia. Haikuwa picha ya kutundikwa katika Makumbusho. Mkunjo wa jani ulikuwa mgumu kidogo, na kikonyo kilikuwa kinene kuliko kawaida. Lakini mng'ao ulikuwa mahali pake, ukiwa ni karatasi tupu.

Jioni alipita kwa mzee kwa mara ya tatu. Mzee alikuwa shambani, akapangusa mikono kwa suruali, akaipokea picha kwa vidole viwili pembeni. Aliitazama kwa muda mrefu. Hakuigeuza nyuma. Kisha akanyoosha kidole gumba, akakipitisha taratibu juu ya ule unga wa rangi ya chungwa, akakiinua kidole machoni kuona kama kimeshika vumbi.

Kidole kilikuwa safi. Mzee akacheka, akatikisa kichwa.

"Hii ndiyo iliyonila," akasema.

Karani hakujibu kitu. Alilikunja gazeti juu ya picha, akalifunga nyuma ya baiskeli yake.

Picha ilipigwa chapa. Mashine haikuweza kuitoa rangi ya chungwa kama ilivyokuwa, ikatoka yenye wekundu zaidi, na karani alisikitika. Bwana Shamba akamwambia aandike maneno machache chini yake, ili maneno yasaidie pale rangi iliposhindwa. Karani hakutafuta maneno ya vitabu. Aliandika: "Geuza jani. Sugua kwa kidole. Kidole kikishika unga wa rangi ya chungwa, hiyo ni kutu." Mzee ndiye aliyemfundisha hayo, bila kujua kuwa anafundisha.

Mibuni ya mzee haikurudia hali yake kwa msimu mmoja, wala deni halikulipwa na picha. Lakini alinyunyiza dawa kwa wakati wake, na majani mapya yaliyotoka yalikaa mtini.

Wasomaji wa gazeti hili ni wa namna mbili, wakulima na watu wa kalamu, na habari hii ina neno kwa kila mmoja. Mkulima akumbuke kuwa ugonjwa aghalabu hukaa upande usiotazamwa. Mtu wa kalamu, naye, akiandika tangazo, akipanga hesabu au akichora picha kwa ajili ya watu wengine, asiridhike kwa kuwa kazi yake yampendeza yeye. Na aichukue, ampelekee yule itakayemfaa, anyamaze, atazame mikono ya mtu huyo itafanya nini nayo.